Wavu wa Mpini wa Kijani

Habari hii nilipewa na mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, mwaka ule alipoteguka kifundo cha mguu nikaenda kumuuguza. Yeye ni askari mpelelezi. Kazini wanamwita Kupe kwa sababu aking'ata habanduki, na jina lenyewe halimkeri. Mguu wake ulikuwa juu ya mto, sinia la mchele liko kati yetu tunachambua, naye akaanza kunieleza mambo ya nyumba ya fundi saa. Nikamwambia, mwanangu, polepole, nataka niyashike yote. Nami nikayashika.

Kupe aliingia katika nyumba ile mchana, jua likiwa juu ya paa. Siku iliyotangulia, mwenye nyumba, mzee fundi saa ambaye bado alikuwa akitengeneza saa za watu palepale sebuleni kwake, alikutwa amelala chali mbele ya tangi lake la samaki. Kigoda kimepinduka, sakafu imelowa, na mkononi ana wavu mdogo wa kuvulia samaki. Kisogo chake kilikuwa kimepasuka kwenye pembe ya kabati lililobeba tangi. Alipelekwa hospitali hajitambui.

Mkuu wa Kupe alikuwa amekwisha kuhukumu. "Mzee kapanda kigoda kuvua samaki, kateleza, kaanguka. Nenda kawape pole, tupa jicho moja, urudi tufunge jalada."

"Sawa, afande," Kupe akajibu. Lakini jicho lake moja huzaa la pili.

Aliwakuta watu wawili. Mmoja alikuwa mke wa fundi, bibi mwembamba aliyekaa ukingoni mwa kochi na viatu miguuni. Alikuwa ametoka hospitali kuja kuoga, na kuoga hajaoga, na usingizi ulikuwa haujamgusa tangu jana. Wa pili alikuwa mpwa wa fundi, mtoto wa dada yake marehemu, aliyelelewa humo tangu hajaota meno ya pili. Kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, sauti laini kama mafuta ya kupaka. Ndiye aliyemletea Kupe maji ya kunywa, glasi juu ya kisahani.

"Pole sana, mama," Kupe alimwambia bibi. Kisha akamgeukia kijana. "Aliyekuwepo nyumbani ni wewe?"

"Mimi, afande. Mama alikuwa amekwenda kumjulia hali dada yake. Nilikuwa chumbani, nikasikia maji, chubwi, chubwi, nikajua Mjomba anamkimbiza Mbabe. Mara kishindo. Kutoka, namkuta chini."

"Mbabe ni nani?"

Bibi ndiye aliyejibu. "Samaki, mwanangu. Ana mkia mwekundu. Anawang'ata wenzake mapezi mpaka wanabaki kama matambara. Mume wangu aliapa kumtoa amrudishie aliyemuuza."

Kupe akalisogelea tangi. Lilikuwa refu kama jeneza la mtoto, Mungu atuepushie, na ndani yake kumepandwa msitu hasa: majani membamba kama nywele, majani mapana kama masikio, mengine yametambaa juu ya mchanga kama zulia. Katikati walipita visamaki vya milia, kundi zima, wepesi kiasi kwamba ukimtazama mmoja ameshakuwa mwingine. Mzee aliwaita Watoro.

"Mbona Mbabe simwoni?"

"Hujificha humo majanini," Mpwa akasema haraka.

Wavu ulikuwa juu ya meza ya kufanyia kazi, kando ya saa zilizofunguliwa matumbo. Ulikuwa na mpini wa kijani.

"Na huu ni wa mzee?"

"Wake wa siku zote. Nimemkuta nao mkononi mara ngapi!"

"Ni kweli, mama?"

Bibi akatikisa kichwa. "Mimi usiniulize. Saa na samaki walikuwa wake wenzangu. Sikuwaingilia, nao hawakuniingilia."

Kupe akataka kucheka, akajizuia. Mpwa naye akamsogelea, akashusha sauti. "Afande, mimi sipendi kusema watu. Ila juzi yule muuza samaki wa barabarani, Kambare, alikuwa hapa. Walipigiana kelele na Mjomba mpaka jirani akachungulia. Nilimsikia kwa masikio yangu: 'Ipo siku utaniita ukilia!' Sasa sijui. Mimi nasema tu."

"Umefanya vizuri kusema."

Hapo simu ya bibi ikalia. Ni daktari. Mgonjwa ameanza kutikisa vidole na midomo, huenda akazinduka wakati wowote, na ingefaa ndugu mmoja awe karibu asikie sauti anayoijua. Bibi akainuka, akaanza kutafuta viatu ambavyo tayari vilikuwa miguuni mwake.

"Kaa, mama," Mpwa akasema, naye ameshasimama. "Oga, ulale kidogo. Nitakwenda mimi nikae naye." Akachukua chupa ya chai, akaaga kwa adabu zote, akatoka.

Nilimuuliza Kupe, "Hukuhisi kitu?" Akanijibu, "Nilihisi, mama. Lakini hisia haimfungi mtu pingu."

Sasa mkwe wangu ana mtindo mmoja. Akiambiwa mtu alifanya jambo fulani, hulifanya yeye mwenyewe kwanza, ndipo aamini au asiamini. Alimwomba bibi ruhusa, akavua viatu, akakisimamisha kigoda kile kile, akapanda. Akaushika wavu, akauzamisha.

Jamani! Watoro walipasuka kama cheche. Akiupeleka wavu kulia, wako kushoto. Akiuinua, wako chini ya majani. Akijaribu kuwabana pembeni, wavu unanasa kwenye mmea, mmea unang'oka na mizizi yake, mchanga unafumuka. Alijaribu tena, kwa hasira kidogo, akang'oa wa pili. Muda si muda majani yalikuwa yanaelea kama mboga sufuriani, na maji yamekuwa tope.

"Bustani ya mume wangu!" bibi akalia. "Kila jani kalipanda kwa koleo ya saa, mwanangu!"

"Nisamehe, mama." Kupe akashuka, mikono inachuruzika mpaka kwenye viwiko. Hakupata samaki hata mmoja. Lakini alisimama akilitazama tope lile kama mtu aliyesomewa jina lake. "Jana ulipoingia, maji ya tangi yalikuwaje?"

"Meupe. Nilijiona sura humo nikilia."

Kupe akatoa simu, akafungua picha alizopiga askari wa kwanza kufika. Maji safi. Hakuna jani linaloelea. Kila mmea umesimama mahali pake. Tena tangi limejaa hadi kwenye ukingo, na sakafuni kuna dimbwi la kuogeshea bata. Maji ya sakafuni yalitoka wapi, ikiwa ya tangini hayakupungua?

Kabla hajasema neno, mlango ukagongwa, akaingia mtu mnene mwenye masharubu mawili marefu yaliyoning'inia pembeni ya mdomo. Hakuhitaji kujitambulisha. Ndiye Kambare.

"Shemeji, nimesikia njiani, nikasema si kweli..." Macho yakamwangukia tangini. "Hee! Nani kafanya unyama huu?"

"Mimi," Kupe akasema, akaonyesha kitambulisho. "Kaa hapo. Juzi mlikuwa mnatukanana na mzee. Ulimwambia ipo siku atakuita akilia."

"Kutukanana?" Kambare alikaa, kochi likalalamika. "Afande, ule ni ubishi wa kila wiki! Mimi nauza nyavu. Huyu mzee ananunua kila kitu kwangu, chakula, mimea, taa, ila wavu hataki hata kuuona. Ananiambia wavu ni chombo cha wenye haraka, yeye hana haraka. Juzi nikamwambia, Mbabe amekushinda, ipo siku utaniita ukilia nikuletee wavu. Akanifukuza kwa kandambili! Muulize jirani. Nimekimbia hapo nje na tumbo hili, watu wanacheka."

"Hakuwa na wavu?"

"Wavu? Huyu? Labda wa kumzika nao." Akajishika mdomo. "Nisamehe, shemeji. Ulimi wangu hauna breki."

"Alikuwa akiwavua kwa nini, basi?"

"Kwa chupa, afande. Unaikata shingo chupa ya plastiki, unaigeuza, mdomo unaingia ndani kama mrija. Unatia chakula kidogo, unaizamisha katikati ya majani, unakaa kitako. Samaki mwepesi hakimbizwi. Ukimkimbiza, maji yote ni yake. Unamwekea mlango, anaingia mwenyewe na njaa yake. Kutoka ndiyo kasheshe, maana yeye anatafuta njia pembeni, na mlango uko katikati." Akaguna. "Mimi nilimcheka. Lakini haki yake apewe, sijapata kuona amekosa."

Akakunja mkono wa shati, akautia majini nyuma ya yale majani mapana, akapapasa. "Uzi wake alikuwa akiufunga hapa... Huu."

Akavuta polepole. Majani yakajitenga, ikatoka chupa ya plastiki, imejaa maji. Ndani yake alikuwa samaki mmoja mwenye mkia mwekundu, anazunguka, anazunguka, hoi kwa hasira.

Zilisikika saa za watu tu pale mezani, kila moja na mwendo wake.

"Mbabe," bibi akasema kwa sauti ndogo.

Kupe alizungumza taratibu, kama anayehesabu mishono. "Mzee alikwisha kumtegea huyu chupa kabla hajaanguka. Baada ya kuanguka hakuna aliyeigusa chupa, kwa kuwa hakuna aliyejua kama ipo. Sasa mtu apande kigoda, ashike wavu asioupenda, amkimbize samaki ambaye amekwisha kumtegea?" Akauchukua wavu mezani, akampa Kambare. "Huu unaujua?"

Kambare aliugeuza mara moja tu. "Wa dukani kwangu. Nyavu zangu zote za nyuma zilikuwa za mpini mweupe. Hizi za kijani zimeletwa jana hiyo hiyo."

"Nani kaununua?"

"Dukani alikuwepo mke wangu." Akapiga simu, akaiweka sauti ya juu. "Mama watoto, jana ule wavu wa kijani umemuuzia nani?"

"Wavu upi? Aa, yule mpwa wa fundi saa. Alikuja mchana anahema kama kakimbizwa na mbwa. Namwambia ngoja nikutilie kwenye mfuko, kashaondoka. Kwani vipi, umeharibika? Mimi sipokei kitu kilicholowa!"

Bibi alishika ukingo wa kochi kwa mikono miwili. Wote watatu walikuwa wakifikiria jambo moja, na yeye ndiye aliyelitamka.

"Na sasa yuko naye peke yake."

Kupe alikuwa ameshapiga simu wodini. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Akampigia mwenzake wa kituoni: "Kimbia hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, mzee wa kisogo." Mwenzake akasema ameelewa, lakini yuko katikati ya foleni ya magari, mbele lori limezimika. Kupe alifika mlangoni, kiatu kimoja mguuni, akasimama. Kutoka pale hadi hospitali ni mbali. Na akifika mbio mbio na pingu, kijana atamwona akiwa koridoni, na mkono wake uko karibu na mzee kuliko wa Kupe.

Akaitazama ile chupa juu ya meza. Kisha akarudi, akakaa, akavuta pumzi mpaka sauti yake ikawa ya mtu aliyechoka na kazi, akapiga namba ya Mpwa.

Ilipokelewa baada ya muda. Nyuma kilisikika kimashine kikilia, ti, ti, ti.

"Mpwa? Ni mimi afande. Ulisema kweli. Nimemkamata Kambare, yuko hapa mbele yangu."

Ti, ti.

"Amekiri?"

"Ana ulimi kama utelezi. Anasema wavu huu si wa mzee, ati mzee hakuwa na wavu. Nami sina shahidi ila wewe. Njoo useme mbele yake ulichoniambia, niondoke naye."

"Sasa hivi siwezi, afande. Mjomba amefumbua macho." Sauti ikawa laini zaidi. "Ananitazama."

Bibi alijitia ncha ya kanga mdomoni akaing'ata. Kupe hakuharakisha. Akapiga mwayo.

"Basi haidhuru. Zamu yangu ndiyo hii inakwisha. Nitamwachia mwenzangu wa jioni, ila yule ana tabia ya kuanza upya na maswali yake, nani alikuwa wapi, nani alisikia nini. Mtasumbuka kidogo tu."

Ti, ti, ti. Kambare alifumba macho, masharubu yanatetemeka.

"Ngoja," Mpwa akasema. "Nakuja. Usimwachie mtu."

Kupe aliweka simu mezani, na kiganja chake kikaacha alama ya jasho. Nusu ya shida ilikuwa imekwisha. Nusu nyingine ni kwamba hakujua kijana atafanya nini kabla ya kutoka wodini. Walikaa wakisikiliza saa za watu. Mwisho mwenzake akapiga.

"Nimefika. Mzee anapumua, nesi yuko naye. Kijana nimepishana naye getini. Afande, kuna kitu. Mto ulikuwa juu ya kifua cha mzee, si chini ya kichwa."

"Usibanduke hapo," Kupe akasema. Kwa bibi alisema tu, "Mzima, mama." Akamkalisha Kambare sakafuni, mikono nyuma. "Kunja uso."

"Uso wangu umekunjwa tangu nizaliwe, afande," Kambare akanong'ona, na machozi yanamtoka.

Mpwa aliingia akiwa mtulivu, shati bado limenyooka. Alimtazama Kambare kwa huruma, kama mtu mwema amtazamavyo mkosaji.

"Sema mbele yake," Kupe akamwambia. "Wavu huu ni wa nani?"

"Wa Mjomba. Miaka yote."

"Jana uliuona kwa macho?"

"Nilipita nikamwona amesimama juu ya kigoda, anamkimbiza Mbabe nao. Nikarudi chumbani. Ndipo akaanguka."

"Alikuwa anamkimbiza Mbabe. Una hakika?"

"Kama ninavyokuona wewe."

Kupe akaondoa kitambaa kilichofunika chupa. Mbabe akageuka ndani ya kioo chake cha plastiki, mkia mwekundu ukapepea. Mpwa alitazama, hakuelewa, akatazama tena. Ndipo Kambare akainuka kutoka sakafuni na mikono yake miwili mitupu, akasema, "Mke wangu anakusalimu. Anasema hadi juzi alikuwa na mpini mweupe tu, wa kijani umeletwa jana, na wewe ndiye uliyeuchukua bila mfuko."

Kijana aligeukia mlango. Bibi alikuwa amesimama pale, mdogo kama alivyo, mgongo umegusa mbao.

"Nimefunga mimi," akasema. "Ufunguo ninao. Kaa, mwanangu."

Naye akakaa. Alijikunja kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

"Sikukusudia, mama. Ile saa ya dhahabu ya mteja, niliichukua mimi nikaiuza. Mjomba akajua. Akasema kesho atakwenda kwa mwenyewe kumwambia, na nitafuatana naye. Nilimshika bega tu, nimbembeleze. Akanitoa mkono, nikamsukuma. Nilimsukuma kidogo."

"Na kigoda, na maji?" Kupe akauliza.

"Maji nilichota jikoni, kwa ndoo. Wavu... nilidhani kila mwenye samaki anavua kwa wavu."

"Miaka yote hiyo umekula humu," Kambare akasema, "hukuwahi kumtazama hata siku moja?"

Bibi alimsogelea kijana, akasimama mbele yake. Hakupaza sauti. "Alipoanguka, alikuwa anapumua?"

"Ndiyo, mama."

"Alisema neno?"

Kijana akatazama sakafu, palepale palipokuwa na dimbwi. "Alisema... 'Niitie mama yako.'"

"Nawe ukaenda dukani."

Kijana akanyoosha mikono mbele. Kupe akamfunga pingu, na hazikutoa sauti kubwa kama watu wanavyodhani.

Jioni ile Kupe ndiye aliyemsindikiza bibi wodini. Mwenzake wa kituoni alikuwa amekaa mlangoni kama alivyoagizwa. Mzee alilala na bandeji kichwani, macho nusu wazi. Bibi akakaa, akaushika mkono wake ule wenye alama za koleo ya saa. Kupe alibaki nyuma, kwa kuwa alitaka kusikia neno la kwanza, na kazi ni kazi.

Mzee alitikisa midomo. Bibi akainama.

"Mbabe..." mzee akasema. "Kaingia?"

Bibi alimtazama Kupe, kisha mumewe. Mambo mengine yote yangengoja, na mengine yangeuma zaidi asubuhi.

"Kaingia," akamwambia. "Mwenyewe."

Mzee akatabasamu upande mmoja, akafumba macho, pumzi yake ikawa ndefu na sawasawa. Bibi alimtazama kifua kikipanda na kushuka, akamtazama tena, mpaka shingo ikalegea, akalaza shavu juu ya mkono ule, naye akachukuliwa na usingizi, viatu bado miguuni. Kupe alivivua kimoja kimoja, akaviweka chini ya kitanda. Akatoka koridoni, akakaa kwenye benchi ili aandike maelezo yake, akaegemea ukuta apumzike kidogo tu, na nesi aliyepita baadaye akamkuta amelala fofofo, mikono ya shati lake bado inanuka maji ya samaki.